Jiko Lisilokuwamo Jumbani: Ziara za Mashambani mwa Uingereza na Hadithi za Televisheni

Riwaya ya Jane Austen iitwayo Pride and Prejudice, iliyochapishwa mwaka 1813, inayo ziara ya watalii ndani yake. Elizabeth Bennet, binti wa watu wenye mali ya wastani, anachukuliwa na mjomba wake pamoja na mkaza mjomba kwenda kutazama nchi. Nia yao ilikuwa kufika kwenye maziwa ya kaskazini, lakini biashara ya mjomba haikuruhusu safari ndefu, basi wakaishia Derbyshire. Huko wanaingia Pemberley, jumba la Bwana Darcy, mtu ambaye Elizabeth alikwisha kumkataa alipomposa. Mwenyewe hayupo. Anayewapokea ni msimamizi wa nyumba, Bi Reynolds, naye anawapitisha chumba baada ya chumba kama ilivyokuwa desturi ya zamani zile. Maana majumba makubwa ya Uingereza yalikuwa yakifunguliwa kwa wapita njia wenye sura ya heshima muda mrefu kabla ya kuja mabasi ya watalii. Bi Reynolds amemjua bwana wake tangu alipokuwa mtoto wa miaka minne, na asema kwamba hajapata kutamkiwa naye neno la ukali. Elizabeth anasikiliza, anastaajabu, kisha anasimama mbele ya picha ya Darcy iliyotundikwa ukutani; na moyo ulioingia mlangoni na chuki unaanza kugeuka.

Sura hiyo yastahili kukumbukwa na kila atakaye kuhukumu desturi ya siku hizi ya kuzunguka mashambani mwa Uingereza kwa kufuata nyayo za michezo ya televisheni. Wako wahakiki waidharauo desturi hiyo. Husema kwamba mtu anayekwenda kutazama ziwa ambamo mwigizaji alilowa ni mtu asiyejua kupambanua kati ya habari na hadithi. Dharau hiyo ni nyepesi, wala si ya haki. Wasomaji wa vitabu walikuwa mahujaji kabla ya televisheni kuwako. Nyumba aliyozaliwa Shakespeare huko Stratford-upon-Avon ilinunuliwa kwa ajili ya umma mwaka 1847. Na nyumba ya kasisi ya Haworth, walimoishi akina dada watatu wa ukoo wa Brontë, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1928. Aendaye Haworth kusikiliza upepo wa nyika hatafuti ushahidi wa mahakamani kwamba Heathcliff aliishi. Anataka kujua hadithi ilichota maji yake katika kisima gani, na hilo ni ombi halali la msomaji yeyote.

Kwa hiyo swali lenye uzito si kama mgeni ni mjinga. Swali ni hili: afikapo, nani anamsemesha? Elizabeth Bennet alisemeshwa na mtumishi, tena mtumishi aliyekula chumvi nyingi ndani ya nyumba ile. Yafaa kupima ziara za leo kwa kipimo hicho.

Mchezo wa BBC wa mwaka 1995, wenye sehemu sita, mswada wake ukiwa umetungwa na Andrew Davies, ulitumia Lyme Park katika jimbo la Cheshire kwa sura ya nje ya Pemberley. Sura ya ndani ilipigwa Sudbury Hall, jumba jingine kabisa, lililoko Derbyshire. Mlango wa nyumba moja, basi, unafungukia ukumbi wa nyumba nyingine iliyo mbali nayo, na mtazamaji hana habari. Mgeni aingiaye Lyme akiwa na picha za mchezo kichwani hujikuta katika vyumba asivyovijua, vya ukoo wa Legh ulioishi hapo kwa karne nyingi hata nyumba ikakabidhiwa kwa shirika la hifadhi la National Trust mwaka 1946. Lakini hilo halimkasirishi, kwa kuwa alichokuja kukitafuta kiko nje, nacho ni ziwa.

Katika riwaya, Darcy anatokeza ghafula akitoka upande wa mazizi ya farasi. Wanaonana na Elizabeth, nyuso zote mbili zinaiva kwa haya, na maneno yanawapotea. Hapana ziwa, hapana kuogelea, hapana shati lililolowa. Hayo yote ni ya Davies. Yasisemwe kwamba aliharibu kitu. Kumleta bwana mwenye kiburi mbele ya mwanamke aliyemkataa, akiwa hana koti, maji yanamchuruzika, ni njia halali ya kuonyesha kwa macho aibu ambayo Austen aliionyesha kwa kukatika kwa maneno. Ila bei yake ilikuwa kubwa. Bi Reynolds yumo katika mchezo, na maneno yake anayasema. Lakini mtazamaji akishaliona ziwa amemsahau. Katika kitabu, Darcy anajulikana upya kwa sikio: mtu mdogo mwenye ujuzi anatoa ushahidi, na mkubwa anapandishwa cheo kwa ushahidi huo. Katika mchezo anajulikana kwa jicho. Na kwa kuwa safari za watalii hufuata jicho, tukio ambalo mtunzi hakuliandika ndilo limekuwa sababu ya safari, na tukio alilolitungia sura nzima limebaki bila wageni.

Mfano wa pili ni kijiji cha Lacock, Wiltshire, kilichotumiwa na mchezo huohuo kuwa mji wa Meryton. Nyumba zake nyingi, pamoja na abasia ya kale iliyoanzishwa mwaka 1229, ni mali ya National Trust tangu mwaka 1944, na kwa sababu hiyo kimelindwa na mabadiliko hata kikawa kama jukwaa lililo tayari daima. Wapiga picha wakija, lami ya barabarani hufunikwa kwa udongo, magari yakaondolewa, na karne mbili zikafutwa kwa siku chache. Mwaka 2007 BBC walikitumia kwa mchezo wa Cranford, uliotokana na maandishi ya Elizabeth Gaskell. Mji ambao Gaskell alikuwa nao akilini alipotunga Cranford ni Knutsford, Cheshire, alikolelewa utotoni. Knutsford upo mpaka leo, una watu, maduka na magari; lakini kwa sababu umeendelea kuishi, hauwezi tena kujiigiza wenyewe. Lacock, ambako Gaskell hakulelewa, ndiko kunakofanana zaidi na kitabu chake. Hapa mhakiki hapati la kulaumu. Ni kichekesho cha haki: mji uliozaa hadithi umeshindwa na mji ulioiazima sura.

Tena Lacock ina jambo jingine ambalo wageni wengi hulipita mbio. Ni katika abasia hiyohiyo ambamo William Henry Fox Talbot, mwaka 1835, alielekeza kijisanduku chake kwenye dirisha la roshani ya kusini na kupata juu ya karatasi picha yenye mwanga uliogeuzwa giza na giza lililogeuzwa mwanga. Katika picha za namna hiyo zilizosalia duniani, hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote. Kamera zote zilizokuja baadaye kupiga Lacock kana kwamba kamera haijavumbuliwa bado, zilikuwa zikirudi kijijini kwa babu yao. Mgeni akilisimamia dirisha lile dogo kwa dakika kumi amejifunza zaidi juu ya michezo anayoipenda kuliko akizunguka barabara zote nne.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Highclere, jumba la ukoo wa Carnarvon katika jimbo la Hampshire. Sura yake ya minara ilibuniwa na Charles Barry, yule msanifu wa Bunge la London. Kuanzia mwaka 2010 hata 2015 jumba hilo lilionekana katika nchi nyingi za ulimwengu kwa jina la Downton Abbey, katika mchezo wa Julian Fellowes, nalo likarudi tena katika filamu zilizofuata. Katika hadithi liko Yorkshire; kijiji chake ni Bampton kilichoko Oxfordshire, ambako kanisa la kijiji na jengo la maktaba, lililokuwa shule zamani, vimepata umaarufu visivyoutarajia. Hayo ni madogo.

Kubwa ni hili. Downton Abbey ni hadithi ya nyumba yenye watu wa namna mbili, wa juu na wa chini. Nusu ya maisha yake imo jikoni, katika chumba cha kulia cha watumishi, na katika ujia wenye safu ya kengele ukutani. Mpishi, mnyweshaji, msichana wa kuwasha moto wa alfajiri, wote wamepewa majina, mapenzi na huzuni zao. Sifa ya mchezo, kwa wanaoupenda, ni kwamba uliwaweka hao karibu sawa na mabwana. Basi mgeni anakwenda Highclere. Anaona maktaba, anaona ngazi kuu, anaona ukumbi, anaona vyumba vya kulala. Akitaka kushuka jikoni, hakuna jiko la kushukia. Vyumba vya chini vya Highclere vilikuwa vimekwisha geuzwa kwa matumizi ya kisasa, na kwa hiyo makao ya watumishi yalijengwa kwa mbao ndani ya studio za Ealing, London. Mwigizaji abebaye sinia alitoka jikoni Ealing, akafika mezani Highclere siku nyingine kabisa. Ngazi inayounganisha sehemu hizo mbili za hadithi haipo mahali popote katika nchi ya Uingereza.

Mtu aweza kusema kwamba hilo ni jambo la mafundi tu, na kwa mafundi ni kweli. Lakini kwa ziara ni jambo la maana. Hadithi iliyodai kuwakumbuka watumishi ikishageuzwa kuwa safari, watumishi ndio wa kwanza kuachwa njiani. Mgeni anarudi kwao amejaa mabwana. Si kosa lake, wala si kosa la wenye nyumba, wanaohitaji fedha za kuezekea paa kubwa namna ile. Hata hivyo chini ya sakafu ya Highclere kumewekwa maonyesho, nayo ni ya Misri. Kwani Lodi Carnarvon wa tano ndiye aliyemlipia Howard Carter gharama za uchimbaji hata kaburi la Tutankhamun likaonekana mwaka 1922, naye akafa Cairo mwaka uliofuata. Hapo penye mahali pa kumkuta mpishi, mgeni anakutana na Firauni. Mtunzi wa riwaya asingethubutu kubuni jambo kama hilo.

Si kila jumba limefanya hivyo. Erddig, nje kidogo ya mpaka, upande wa Wales, ukoo wa Yorke ulikuwa na desturi tangu karne ya 18 ya kuchorewa picha watumishi wao, seremala, mlinzi wa mawindo na wengineo, na picha nyingi zikafuatana na mashairi ya kuwasifu. Mashairi yenyewe ni ya kuchekesha kuliko kuwa mazuri, na bado ni mashairi. Na mgeni wa Erddig hupitia kwanza nyua na karakana za kazi ndipo aingie vyumba vya mabwana. Ajabu ni kwamba nyumba hiyo, iliyo karibu na roho ya Bi Reynolds kuliko nyingine, haina umaarufu wa Highclere hata kidogo.

Yafaa pia kutaja kwa ufupi Castle Howard, Yorkshire, lililokuwa Brideshead katika mchezo wa televisheni wa mwaka 1981. Evelyn Waugh alichapisha Brideshead Revisited mwaka 1945, na wengi huona kwamba nyumba iliyomwongoza ni Madresfield, katika jimbo la Worcestershire. Lakini Castle Howard ndilo lililopewa kuba na hadithi pamoja, na leo mtu akisoma kitabu hawezi kuliondoa kuba hilo machoni pake. Kuba lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1940, likajengwa upya baada ya vita. Kitabu kinacholilia majumba yanayokufa kimepata makao katika jumba lililofufuka.

Mgeni mwenye siku moja zaidi katika Hampshire angefanya vema kutoka Highclere kwenda Chawton. Hapo ipo nyumba ya matofali, isiyo kubwa, ambamo Jane Austen aliishi tangu mwaka 1809 hata 1817, kwa hisani ya kaka yake Edward aliyerithi mali ya jamaa wengine. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1949. Ndani yake kuna kimeza kidogo, ambacho kwa kauli ya jamaa zake ndicho alichoandikia. Hakuna aliyepata kukiona kimeza hicho asishangae jinsi Pemberley ilivyoweza kukaa juu yake. Austen aliyajua majumba makubwa kama mgeni anavyoyajua, kwa kualikwa na kwa kuondoka. Labda ndiyo sababu alimpa ufunguo wa Pemberley mtumishi, wala hakumpa mmoja wa jamaa za Darcy.

Tena alijua kwamba yapo mambo ambayo mtumishi hawezi kuyasema, kwa kuwa watu wake hawamo nyumbani kabisa. Katika Mansfield Park, riwaya ya mwaka 1814, Sir Thomas Bertram ana mashamba Antigua, na kwa ajili ya mashamba hayo anasafiri na kukaa muda mrefu. Fanny Price, mpwa wake maskini, anamwuliza siku moja juu ya biashara ya watumwa, na waliokuwamo chumbani wote wananyamaza. Austen haongezi neno. Edward Said alikishughulikia kimya cha riwaya hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1993, na tangu hapo hakuna mhakiki makini awezaye kuisoma Mansfield Park kana kwamba sukari ya chai yao ilidondoka mbinguni. Filamu ya Patricia Rozema ya mwaka 1999 ilijaribu kukisemesha kimya hicho waziwazi, na kwa jumba ikachagua Kirby Hall, Northamptonshire, ambalo sehemu yake kubwa haina paa. Kwa wengine filamu hiyo ilisema mno. Huenda, lakini uchaguzi wa nyumba ulikuwa uhakiki mzuri kuliko makala nyingi. Nyumba tupu, isiyo na mapazia ya kuufunika ukuta, humlazimisha mtazamaji kuuliza fedha ilitoka wapi na imekwenda wapi.

Nyumba yenye mapazia haimlazimishi. Harewood, karibu na Leeds, ni mojawapo ya majumba mazuri kabisa ya kaskazini. Lilianza kujengwa mwaka 1759 kwa sanaa ya John Carr na Robert Adam, na ukoo wa Lascelles ukahamia mwaka 1771. Edwin Lascelles aliyelijenga alizaliwa Barbados, na mali ya baba yake, Henry, ilitokana na biashara ya visiwa vile: forodha, mikopo kwa wenye mashamba, sukari na watumwa. Bunge la Uingereza lilipoukomesha utumwa katika makoloni hayo kwa sheria ya mwaka 1833, liliwalipa fidia wenye watumwa, si watumwa. Na Earl wa pili wa Harewood alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa watu zaidi ya 1,200. Mashamba ya Barbados hayakuwatoka jamaa hao wote hata miaka ya 1970.

Harewood ni la televisheni kwelikweli. Vyumba vyake vilitumika katika mchezo wa Victoria ulioanza mwaka 2016, na filamu ya Downton Abbey ya mwaka 2019 ilipigwa humo kwa sehemu. Juu ya ardhi yake umejengwa mtaa mzima wa mchezo wa Emmerdale, nao umetumika tangu mwaka 1998: nyumba, baa na kanisa ambamo hapana alalaye usiku. Ni nadra kupata mahali ambapo hadithi imerundikwa juu ya historia kwa tabaka nyingi namna hiyo. Mtalii mwenye tiketi yake aweza kufuata tabaka la juu tangu asubuhi hata jioni asiliguse la chini.

Mwezi wa Septemba 2020 National Trust walitoa taarifa iliyozitaja mali 93 zilizo chini yao kuwa na uhusiano na ukoloni au utumwa. Kelele zilikuwa nyingi. Waliolalamika walisema kwamba watu huenda majumbani kupumzika, wala hawaendi kuhukumiwa. Malalamiko hayo yastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwani kupumzika si dhambi. Lakini yalikuwa na kasoro ya kifasihi: yalichukulia kwamba nyumba ilikuwa ikisema habari zake kamili mpaka taarifa ile ilipoiingilia. Kumbe nyumba ilikuwa ikisema nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyopigwa picha, ikapendwa, ikatafutiwa mabasi. Taarifa haikuongeza hadithi ya kigeni. Ilifanya kazi ya Bi Reynolds, ya kumwambia mgeni yale yaliyojulikana nyumbani.

Harewood, ambalo halimo katika mali hizo 93 kwa kuwa si la National Trust, limechukua njia yake lenyewe. Kuta za jumba kama hilo zimejaa picha za mabwana na mabibi, zilizochorwa na Reynolds na wenziwe. Naye Joshua Reynolds huyo, mchoraji, hahusiani na msimamizi wa Pemberley ila kwa jina. Katika miaka ya hivi karibuni wenye jumba wameanza kutundika picha za watu wenye asili ya Karibi ambao historia yao imefungamana na nyumba hiyo. Mmoja wao ni David Harewood, mwigizaji, aliyezaliwa Birmingham mwaka 1965 kwa wazazi waliotoka Barbados. Mwaka 1997 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kumwigiza Othello katika National Theatre ya London, na watazamaji wa televisheni wanamfahamu kwa michezo mingi. Jina lake si la kubuni jukwaani. Wazee wake walikuwa watumwa wa mashamba ya Barbados yaliyomilikiwa na Earl wa Harewood, na jina la mwenye mali likawa la walionunuliwa. Picha yake ilitundikwa jumbani mwaka 2023.

Ni picha ya kamera, si ya mafuta. Amevaa suti, ameketi, anamtazama amtazamaye. Mgeni aliyekuja kutafuta chumba alichokiona katika filamu atapita mbele yake, na yamkini ataitambua sura kabla hajalisoma jina.